Kuandika Mashairi ya Nyimbo Yanayoeleweka na Yenye Ukweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayeandika maneno ya kuimbwa kwa Kiswahili, awe anaanza au ana nyimbo kadhaa tayari. Mifano yote ya mistari imetungwa kwa ajili ya ukurasa huu.

Wimbo wa kweli ni lazima unihusu mimi mwenyewe?

Hapana. Unaweza kuimba kwa sauti ya mzee, ya mtoto, au ya mtu aliyetenda kosa ambalo wewe hujawahi kulitenda, na wimbo ukabaki wa kweli. Mashairi huwa ya uongo pale hisia inapopakiwa juu ya jambo lisiloweza kuibeba. Mapenzi ya wiki mbili yanapoimbiwa "nitakufa bila wewe", msikilizaji hahitaji kukujua ili ashuku.

Kipimo kinachofaa ni hiki: mchukue msemaji wa wimbo, mkalishe mbele ya anayeambiwa, kisha umwambie autamke mstari huo kwa sauti ya kawaida, bila muziki. Je, angeweza kuutamka bila kuona haya kwamba anaigiza? Kama hawezi, mstari umeazimwa kutoka kwenye nyimbo nyingine.

Kuna njia nyingine ya kuupata ukweli ambayo waandishi wengi huikwepa: tafuta jambo ambalo msemaji angependa kulificha. Katika wimbo wa kuachwa, karibu kila mtu huandika alivyoonewa. Jaribu kuandika na kile alichokosa kukifanya yeye:

*Namba yako naijua, nami sikukupigia.*

Mstari huo hauna neno kubwa hata moja, ila unabeba lawama, majuto na kiburi kwa pamoja.

Nianze na maneno au na melodi?

Popote panapokujia. Kila njia ina mtego wake. Anayeanza na maneno huishia na sentensi ndefu zisizoimbika, na anayeanza na biti hujaza nafasi kwa chochote kinachoingia.

Ukianza na maneno, usianze na ubeti. Andika kwanza sentensi moja ya kawaida inayojibu mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, ni wakati gani, na anataka nini. Kwa mfano: "Binti anamwambia baba yake, usiku wa kuamkia safari, kwamba ameshamsamehe." Sentensi hiyo haitaimbwa. Ibandike juu ya ukurasa, na kila mstari usioitumikia uondoke. Kisha jipe dakika 10 uorodheshe vitu vinavyoonekana, kusikika na kushikika katika tukio hilo, bila kutafuta vina.

Ukianza na melodi, iimbe kwa silabi zisizo na maana, urekodi kwa simu, kisha usikilize mara tatu ukiandika alama: nukta kwa silabi nyepesi, mkwaju (/) kwa silabi nzito. Hapo una ramani. Maneno yatakayokuja lazima yaifuate, na sababu iko katika majibu ya mizani na mkazo hapa chini.

Nitajuaje kama mstari wangu ni mtupu?

Linganisha mistari hii miwili. Yote ina mizani 16, yaani silabi 16, na yote inazungumzia mtu aliyeondokewa.

*Moyo wangu unauma, machozi yananitoka.*

*Kikombe chako mezani, bado sijakiondoa.*

Wa kwanza unamwarifu msikilizaji kwamba kuna uchungu. Wa pili unampa kikombe, naye anaujaza uchungu mwenyewe kutoka kwenye maisha yake. Hiyo ndiyo nguvu ya kitu mahususi: kinamwachia msikilizaji kazi, na akishaifanya hiyo kazi wimbo unakuwa wake.

Maneno yaliyochoka yanajulikana: moyo, machozi, malaika, asali, nyota, ua, usingizi sipati. Hayajapigwa marufuku. Tatizo ni kwamba yamebebeshwa nyimbo nyingi hadi sikio linayapita bila kusimama. Kwenye rasimu ya kwanza yakate yote, uone kama ubeti bado umesimama. Lile ambalo ubeti unaanguka bila yake, lirudishe. Limekuwa na kazi.

Tahadhari ya upande wa pili: ubeti uliojaa vitu unageuka orodha ya mizigo. Kikombe, kanga, redio, picha ukutani na viatu mlangoni, vyote katika mistari minne, havionyeshi kitu. Kitu kimoja au viwili kwa ubeti vinatosha, na kimoja kati yake kifanyiwe jambo: kioshwe, kisiondolewe, kivunjike.

Mizani inahesabiwaje, na kuna haja gani wimboni?

Mizani ni idadi ya silabi. Haja yake ni kwamba melodi ya ubeti wa kwanza itarudi kwenye ubeti wa pili. Kama mstari wa kwanza wa ubeti wa kwanza una mizani 12 na mwenzake una 15, mwimbaji atalazimika kubana silabi tatu mahali fulani, na hapo ndipo maneno yanapopotea.

Makosa ya kuhesabu hutokea zaidi kwenye *m* na *n* zinazosimama peke yake. *Mtu* ni mizani 2 (m-tu), *mlango* ni 3 (m-la-ngo), *nchi* ni 2 (n-chi), *nne* ni 2 (n-ne), *mbwa* ni 2 (m-bwa). Lakini *ndege* ni 2 tu (nde-ge), kwa kuwa *n* imeungana na *d*, na *mwaka* ni 2 (mwa-ka). Irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili: *saa*, *taa*, *kuu*. Usihesabu kwa macho, piga makofi.

Shairi la kimapokeo lina mizani 16 kwa mshororo (mstari mmoja wa shairi), 8 kabla ya kituo na 8 baada yake, na utenzi una 8. Wimbo haulazimiki kuufuata mpango huo, ila nane-nane inakaa vizuri mno juu ya mapigo manne, na mwandishi aliyekwama hapotezi kitu akianzia hapo. Tofauti ya mizani moja kati ya beti inavumilika iwapo silabi ya ziada inaingia mwanzoni, kabla ya pigo zito. Katikati ya mstari itasikika kama kujikwaa.

Mizani iko sawa, lakini nikiimba maneno yanasikika kama ya mgeni. Kwa nini?

Ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la mzungumzaji hutumia mkazo huo kujua neno linaishia wapi. Melodi ikiweka pigo zito kwenye silabi nyingine, msikilizaji anachelewa kidogo kulitambua neno, na mstari unaofuata umeshampita.

Chukua *Nimerudi nyumbani*. Silabi nzito ni ya 3 (ru) na ya 6 (mba). Sasa badilisha iwe *Nimerudi kijijini*: nzito ni ya 3 na ya 7. Ukiimba ya pili kwa melodi ya kwanza utapata "ki-JI-ji-ni", na hakuna anayesema hivyo. Suluhisho ni noti moja nyepesi ya ziada kabla ya pigo, au neno lingine lenye umbo la *nyumbani*: *shuleni*, *mjini*, *safari*.

Kumbuka kuwa viambishi vya mwisho husogeza mkazo. *Nyumba* ina mkazo kwenye *nyu*, *nyumbani* kwenye *mba*. Kwa hiyo kuongeza *-ni* ili upate kina kunaweza kuvunja mdundo uliokuwa sawa. Yapo pia maneno machache ambayo mkazo hubeba maana yenyewe: *barabara* yenye mkazo kwenye *ba* ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, na yenye mkazo kwenye *ra* ya kwanza ni "sawasawa kabisa". Wimbo wa safari hautaki kuyachanganya.

Njia ya kukagua: andika mstari, pigia mstari chini silabi ya pili kutoka mwisho ya kila neno lenye uzito, kisha usome huku ukigonga meza kwa mapigo ya biti. Panapopishana, una njia tatu: panga maneno upya, badilisha neno, au sogeza noti. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo watu huikumbuka mwisho.

Wasikilizaji wananisikia vibaya. Nirekebishe nini?

Kwanza kagua ukanushi. *Atarudi* na *hatarudi* zinatofautiana kwa *h* peke yake, sauti nyepesi inayoangukia kwenye pigo jepesi, tena mara nyingi mwanzoni mwa mstari ambapo mwimbaji ndiyo kwanza anavuta pumzi. Ikimezwa, wimbo wako umesema kinyume cha ulichokusudia. Usiutegemee ukanushi wa *h* pekee. Utie nguvu kwa neno la pili: *hatarudi tena*, *hatarudi kamwe*, au badilisha kabisa: *amekwenda moja kwa moja*.

Pili, mipaka ya maneno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, basi yanashikamana kwa urahisi. *Si mama* na *simama* zina silabi zilezile na mkazo uleule. Wimboni hakuna wa kuzitofautisha. Neno lenye maana nyingi nalo, kama *ua* au *kaa*, linahitaji jirani wa kulieleza ndani ya mstari uleule, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji.

Tatu, irabu kwenye noti ndefu na za juu. *A* hufungua kinywa na huimbika kirahisi. *I* na *u* hukibana, na mwimbaji akipanda juu huzipanua hadi *i* inaelekea *e*. Kwa hiyo noti ndefu kuliko zote ya kiitikio ipe neno linaloishia na *a*, *e* au *o*. Pia mistari iliyojaa *s*, *sh* na *z* hutoa mlio mkali kwenye maiki, na *p* na *b* zikigongana mfululizo hupiga vishindo vya pumzi.

Nne, pumzi. Usikate mstari mahali ambapo maneno yameshikana. "Mtoto wa / jirani yangu" inamwacha *wa* ananing'inia. Kata "mtoto / wa jirani yangu", au usikate.

Jaribio la mwisho halina mbadala: mwimbie mtu asiyeujua wimbo, bila karatasi, mara moja tu, kisha aandike alichosikia. Usimsahihishe. Palipo na kosa kwenye karatasi yake, kosa ni la mstari.

Vina ni vya lazima?

Si vya lazima, lakini vinasaidia kumbukumbu na vinatangaza kwamba mstari umefika. Shida ya Kiswahili si uhaba wa vina, ni wingi wake. Karibu maneno yote yanaishia na mojawapo ya irabu tano, na vitenzi vinafuatana vyenyewe: *nimechoka, nimeondoka, nimeanguka, nimeteseka*. Kina kinachopatikana bila jasho hakimshangazi mtu.

Mambo mawili hukipa kina nguvu. La kwanza ni kukirefusha: *mlango* na *mpango* vinagusa sikio zaidi ya *mlango* na *mzigo*, ingawa vyote vinaishia na *go*. La pili ni kuoanisha maneno ya aina tofauti, nomino na kitenzi kwa mfano: *barua* na *nikaifungua*. Hapo sentensi inalazimika kubadili muundo, na ubeti unapata uhai.

Utajuaje kwamba kina kimekuburuta? Mstari una neno ambalo haliko kwenye ulimwengu wa wimbo huo, au sentensi imepinduliwa namna ambayo hakuna anayezungumza. Uhuru wa mshairi upo: inkisari (kufupisha neno), mazida (kurefusha neno), tabdila (kubadili sauti ya neno), kuboronga sarufi (kupindua mpangilio wa maneno). Katika wimbo wa mazungumzo ya kawaida utumie inkisari bila woga, kwa sababu mdomo wa watu umeshaizoea: *aliyenipenda* yenye mizani 6 inakuwa *alonipenda* yenye 5, na haigutushi sikio. Tabdila ni jambo jingine. Ukibadili mwisho wa neno ili lifuate kina, msikilizaji anaiona mikono yako, na ukweli wa msemaji unavuja palepale.

Kiitikio kibebe nini?

Sentensi moja ambayo beti zote zinaieleza. Maneno ya kila siku, mizani michache, na jina la wimbo likae humo ili mtu aweze kuutafuta. Lakini kiitikio kizuri kina sifa moja zaidi: hakibadiliki, ila maana yake inakua.

Tuseme kiitikio ni *Iache taa iwake*. Ubeti wa kwanza ni mtoto anayeogopa giza. Wa pili, mama anamsubiri mwanawe ambaye amekua na hajarudi nyumbani. Wa tatu, mwana huyohuyo yuko kando ya kitanda cha mama mgonjwa. Maneno ni yaleyale matatu, na safari ya tatu yanauma. Ukiona kiitikio chako kinamaanisha kitu kilekile kila kinaporudi, usikikimbilie, zirekebishe beti.

Nimekwama kwenye ubeti wa pili. Kila kitu nimeshakisema.

Hali ya kawaida kabisa. Sababu yake karibu kila mara ni kwamba ubeti wa kwanza umesema hisia yote na haukuacha tukio. Jaribu kuuhamisha ubeti ulionao uwe wa pili, kisha uandike wa kwanza unaotangulia mambo hayo: siku moja kabla, mwaka mmoja kabla. Kama haukubali, sogeza kimoja tu kati ya vitatu: wakati, mahali, au anayeambiwa. Ukisogeza vyote kwa pamoja umeanza wimbo mwingine.

Wimbo uwe na maneno mangapi?

Machache kuliko unavyodhani. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, ubeti wa baa 16 (baa ni kipande cha muziki, hapa cha mapigo 4) unachukua takriban sekunde 43, na kiitikio cha baa 8 sekunde 21. Beti mbili, viitikio vitatu na utangulizi wa baa 4 vinafika kama dakika 2 na sekunde 40. Ongeza daraja (sehemu ya kati isiyo ubeti wala kiitikio) la baa 8 uko dakika 3. Ikiwa kila mshororo wa mizani 16 unachukua baa mbili, ubeti mzima ni mishororo minane, yaani mizani 128, na hayo ni maneno kama 40 au 50. Aya moja fupi. Hakuna nafasi ya "kwa sababu ya kwamba".

Kwa anayechana, yaani anayerap, baa moja ina nafasi 16 za silabi za haraka. Kwa mwendo huohuo wa 90 ukizijaza zote ni silabi 6 kwa sekunde. Inawezekana, lakini baada ya baa nne mfululizo sikio linabaki na mdundo tu. Habari muhimu iweke mahali unapopunguza.

Msikilizaji ananiuliza "yeye" ni nani. Mbona kwangu iko wazi?

Kwa kuwa wewe unaziona sura. Kiambishi *a-* hakisemi kama ni mwanamke au mwanamume, na hakitofautishi watu wawili waliomo kwenye hadithi moja. "Alimwambia asije, akaja" inaweza kuwa na watu wawili au watatu. Mmoja mpe *wewe*, mwingine mwite kwa nomino: *kaka, jirani, mwalimu*. Kutokuwa na jinsia, kwa upande mwingine, ni zawadi: wimbo mmoja unaimbika na yeyote kwa yeyote bila kubadilisha silabi. Zawadi hiyo iharibu tu kama hadithi inakudai.

Kagua na nyakati pia. Hadithi inaenda vizuri kwa *-li-* kisha *-ka-*: *nilifika, nikagonga, akafungua*. Kiitikio kikiwa na *-na-* kinasikika kama msemaji anakumbuka sasa hivi. Kuruka kutoka *-li-* hadi *-ta-* na kurudi ndani ya ubeti mmoja humtoa mtu njiani.

Nitumie Kiswahili sanifu au cha mtaani?

Kile ambacho msemaji wa wimbo angekitumia, na ubaki nacho. Misimu huchakaa haraka. Ikiwa ndiyo inayobeba kiitikio, wimbo utachakaa nayo.

Naweza kuandika kuhusu mtu halisi?

Unaweza, ila tenganisha ukweli wa hisia na utambulisho wa mtu. Badilisha jina, kazi na mahali. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu kwa wanaomjua. Alichokuambia kwa siri muulize kabla ya kukiimba. Na usimtuhumu mtu anayetambulika kwa kosa ambalo huwezi kulithibitisha, kwa kuwa kuimba hakuondoi wajibu wa kisheria wa kuchafua jina.

Nihariri kwa mpangilio gani?

1. Liache shairi usiku mmoja.
2. Lisome kwa sauti kama mazungumzo, bila melodi. Weka alama unapoona aibu na unapokosa pumzi.
3. Kata mstari wa kwanza wa kila ubeti, usome tena. Mara nyingi ubeti unaanza kweli kwenye mstari wa pili.
4. Punguza viunganishi na maneno ya kukazia kama *sana* na *kabisa*.
5. Hesabu mizani, kagua mkazo, kwa makofi.
6. Fanya jaribio la msikilizaji mmoja, kisha rekodi demo.

Anayeanza na hatua ya 5 huishia kung'arisha mistari ambayo hatua ya 3 ingeitupa.

Tumeandika wawili. Haki zikoje?

Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama, hakimiliki haihitaji usajili ili iwepo, na kwa kawaida hudumu kwa uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo la wimbo halilindwi. Maneno yaliyoandikwa au kurekodiwa yanalindwa. Ugomvi wa waandishi wenza huzuka kwenye mgawanyo, kwa hiyo mkubaliane siku ileile mnayomaliza, kabla wimbo haujapata msikilizaji: karatasi moja yenye jina la wimbo, majina yenu kamili, asilimia ya kila mmoja ikijumlisha 100, tarehe na sahihi. Aliyetunga melodi na aliyetengeneza biti watajwe humo pia, hata kama sehemu yao ni sifuri.